Kona ya Chini, Kushoto

Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, nawauliza wanafunzi wapya swali moja: nyumbani kwenu neno sanaa linatumika vipi? Sitaki maana ya vitabuni. Nataka neno kama linavyotoka mdomoni mwa mama akiwa anaosha vyombo. Nashika chaki, nageukia ubao, na wao wanaanza kunirushia majibu.

Huwa tunacheka sana. Kwa mmoja, msanii ni mwimbaji, basi. Anayechora ni mchoraji na hana haja ya kupambwa zaidi. Kwa mwingine, sanaa ni vinyago na vikapu vya kuuzia wageni. Kuna aliyesema bibi yake, akiona mtoto anaumwa tumbo siku ya mtihani tu, humwambia, "Usanii wako kamfanyie mwalimu." Hapo darasa zima huangua kicheko, maana hakuna nyumba isiyo na usanii wa namna hiyo: fundi simu wa njoo kesho, mjomba anayeshikwa na mgongo kila siku ya kuhamisha makabati. Mimi naandika vyote ubaoni bila kuchagua, halafu nawaambia waone jinsi neno moja linavyoweza kumpandisha mtu jukwaani na pia kumwita mwongo, kutegemea nani analisema na amekasirika kiasi gani. Ni somo zuri. Nimelifundisha miaka kumi na moja, na mkuu wa idara hulisifia mbele ya wageni.

Mwaka huu msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, baba yangu ni seremala," alisema. "Yeye anasema tofauti ni moja tu. Kazi ikiwa na jina la mtu, hiyo ni sanaa. Ikiwa haina jina, hiyo ni ufundi."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona anaonewa."

Wenzake wakacheka. Mimi chaki ilinivunjikia mkononi. Niliandika jibu lake nusu, nikasema muda umekwisha, na muda ulikuwa umebaki robo saa nzima. Nikatoka kwa mlango wa nyuma ili nisipite kwenye korido kuu, kwa sababu kwenye korido kuu ndipo ulipo ule ukuta.

Nitaueleza. Si kwamba nikieleza nitakuwa mtu mwema. Naeleza kwa sababu naona aibu, na aibu hii nimeilea kimyakimya hadi imekuwa na umri wa mtoto wa darasa la tano.

Baba yangu alikuwa fundi wa lipu. Matofali yakishapangwa, anakuja yeye na karai la saruji na mwiko wake, anauvisha ukuta mpaka usijue tena kwamba ndani mna tofali. Kazi hiyo aliifanya miaka zaidi ya thelathini na tano. Mtaani walimwita Fundi Kioo, kwa sababu ukuta wake ukiumulika kwa taa ya pembeni huoni kivuli hata kimoja. Wateja walipanga foleni kumsubiri, na waliomharakisha walikiona cha moto. Mama mmoja mwenye nyumba alimwambia ana wageni kesho kutwa. Baba akamjibu bila kugeuka, "Saruji haiwajui wageni wako. Kama una haraka, kanunue pazia."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Ukuta ukishapigwa lazima uachwe ukaze kidogo kabla ya kulainishwa. Ukiuwahi unamong'onyoka, ukichelewa umeshagoma. Mafundi wengine hutazama saa. Baba alibonyeza kidole gumba kwenye kona ya chini, upande wa kushoto. Kidole kikizama, anasubiri. Kikiacha chapa tu, mistari yote ya ngozi ikionekana, anasema, "Sasa umekubali," na anaanza kulainisha. Alilainisha ukuta wote isipokuwa ile alama. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anaiacha. Akasema, "Ni kipimo tu." Makochi na makabati ya watu yaliifunika na hakuna aliyejali. Lakini mimi najua kwamba ukizunguka mtaa ule ukasogeza makochi, utamkuta baba katika kila nyumba.

Mwiko nilifundishwa naye. Siku za likizo alinipa kipande cha ubao na saruji ya kuchezea, akawa ananirekebisha huku akiendelea na kazi yake: "Legeza kiwiko. Huchanji kuni." Hadi leo nikishika mwiko bega langu linapanda vile vile kama lake. Sikulichagua, nimelikuta.

Nyumba yetu sasa. Nyumba ya Fundi Kioo haikuwa na lipu. Matofali yalikuwa wazi ndani na nje, isipokuwa ukuta mmoja wa sebuleni ambao baba aliuanza nilipokuwa darasa la pili na kuufikisha nusu. Kila mara alikuwa anamalizia kwanza hii ya watu. Mama alikuwa akisema kwamba angelijua mapema, angeolewa na mteja. Ile nusu nayo, kwa kukosa mwenzake, ikaanza kupasuka. Ufa ulitoka pembe ya dirisha, ukapinda, ukashuka hadi kwenye swichi ya taa, na vipande vikawa vinaanguka nyuma ya kochi tukiwa tunakula. Miaka yote ya shule sikumleta rafiki nyumbani hata mmoja. Na kwenye fomu ya kujiunga na sekondari, pale panapouliza kazi ya mzazi, niliandika "mkandarasi". Baba aliisoma. Kusoma anajua vizuri. Akaweka sahihi yake chini, akanirudishia kalamu.

Nilipomwambia nataka kusomea sanaa, aliniuliza, "Ni kazi ya kukaa au ya kusimama?" Nikamwambia ni zote mbili. Akasema afadhali. Majirani wao walidhani nakwenda kuimba, na mmoja hadi leo akinikuta dukani ananiomba nimtupie wimbo. Kwa baba, neno lenyewe lilikuwa karibu na tusi. Akikuta ukuta wa fundi mwenzake aliyejaza saruji nene kuficha matofali yaliyopinda, aliugonga kwa ngumi, akatikisa kichwa na kusema, "Hapa mtu kafanya usanii." Lakini aliniacha niende, na kila nilipofunga chuo alinisikiliza nikimweleza mambo ya rangi na maumbo, akiitikia "ehe, ehe" kwa adabu ile ambayo hakuwapa wateja.

Nilipomaliza chuo nilibaki pale pale kama msaidizi wa muda. Tulikuwa wasaidizi watatu, na nafasi ya kudumu ya ualimu ilikuwa moja. Mkuu wa idara akasema kila mmoja wetu aandae kazi moja, jopo lije kuiangalia, na atakayependeza ndiye atakayebaki. Wawili watafungasha.

Nilifanya kazi kwa miezi minne. Nilichukua mbao tatu, kila moja urefu wa mtu mzima, nikazipiga lipu, halafu nikazipasua. Ya kwanza ilikuwa na ufa mwembamba. Ya pili ufa umefunguka. Ya tatu lipu imebomoka, waya wa kushikilia lipu unachungulia, vipande vinaning'inia. Nikaipa jina "Sebule Yetu". Ndiyo, ukuta ule ule niliowaficha marafiki zangu ndio niliokwenda kuuanika chuoni, kwa sababu chuoni umaskini ukimulikwa vizuri watu huusogelea na kuinamisha kichwa upande.

Mbao zilikuwa nzito. Nilihitaji mtu wa kuzifunga kwenye ukuta wa ukumbi zisije zikamwangukia mjumbe wa jopo, nikamwomba baba. Alikuja Jumamosi saa mbili asubuhi amevaa shati lake la kutokea, na ndoo ya vifaa vyake vyote, ingawa nilimwambia alete bisibisi tu. "Sijui nitakachokikuta," alisema.

Jopo lilikuwa lije saa tisa alasiri. Saa tatu asubuhi nilimwacha anakaza ubao wa pili, nikaenda mjini kuchapisha zile kadi za maelezo zinazobandikwa pembeni ya kazi. Umeme ukakatika kwa mchapaji. Nikakaa pale kwenye benchi, roho mkononi, hadi uliporudi. Nilipoingia tena ukumbini ilikuwa saa saba na nusu.

Mbao mbili zilikuwa kama nilivyoziacha. Ya tatu ilikuwa imezibwa.

Alikuwa ameondoa vipande vyote vilivyoning'inia, akafunika waya, akapiga upya kwa jasi ile inayokauka upesi, na juu yake akamalizia chokaa laini. Ilikuwa nzuri. Hilo sikulikiri siku ile lakini nililiona. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza, anajifuta vidole kimoja kimoja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kushukuriwa.

"Iliumia njiani, mwanangu," alisema. "Niliposhika tu ikaanza kumwagika yenyewe. Nikasema haiwezekani, wageni wa mwanangu waje wakute hivi? Hata hizo mbili nilitaka kuzipitia, sema muda tu umenibana."

"Baba, umefanya nini?"

"Si nimeiziba."

"Nani kakwambia uizibe?" Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, na ukumbi ule unarudisha sauti. "Ule ufa ndiyo kazi yenyewe! Miezi minne, baba! Kwani huwezi kuuliza? Kila ukuta ukiuona lazima utie mwiko? Mbona wa nyumbani kwako huuoni?"

Hilo la mwisho halikuwa na haja. Nililisikia likitoka na sikulizuia.

Baba alisimama polepole. Akautazama ubao wa kwanza, akautazama wa pili. Akaufuata ule ufa kwa macho, kuanzia pembe ya juu, pale ulipopinda, hadi chini mahali ambapo pangekuwa na swichi ya taa. Nikaona kwamba ameutambua. Hakusema. Alisema tu, "Kumbe umeupasua makusudi." Kisha akasema, "Nisamehe, mama. Ngoja niurudishe."

Akachukua msumari. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuziba alisimama mbele yangu akijaribu kupasua, na mkono ukamgomea. Ufa wa kwanza ulitoka umenyooka kama wa rula. Akauziba. Wa pili aliutikisa mkono kwa makusudi, ukatoka wa kuigiza, hata mtoto asingedanganyika. Akauziba nao. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni hadi kwenye kola ya lile shati. Baba yangu, ambaye aliwafukuza wenye nyumba waende kununua mapazia, alikuwa ananigeukia baada ya kila mkwaruzo kuona kama nimeridhika.

"Hivi?"

"Siyo."

"Na hivi je?"

Mara ya tatu nikamwambia aache, aulainishe tu yaishe. Akapaka chokaa kwa mara ya mwisho. Akainama, akabonyeza kidole gumba kwenye kona ya chini kushoto, akangoja, akalainisha. Ilikuwa mazoea, sidhani hata alijua amebonyeza. Halafu akakusanya vifaa kwenye ndoo, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuviosha bombani.

Nilibaki peke yangu na kadi zangu mkononi. Sijakaa sawa, nikasikia viatu kwenye korido na sauti ya mkuu wa idara, ile anayoitumia akiwa na wageni. Jopo lilikuwa limefika. Nikautazama ubao wa tatu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ile alama kule chini, mistari yote ya kidole ikiwa wazi. Nikawaza jambo moja tu: wataiona, watauliza ni ya nani. Nikachovya kitambaa kwenye maji, nikapiga magoti, nikaifuta. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Haikunipa shida yoyote.

Waliingia watu watatu, ila aliyekuwa na neno alikuwa mmoja, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Ubao wa kwanza aliupita bila kusimama. Wa pili aliguna. Mbele ya wa tatu alisimama hadi wenzake wakaanza kutazama saa. Akavua miwani, akasogeza shavu karibu na ukuta, akautazama kwa upande, namna ile ile anayotazama baba.

"Kupasuapasua nimekuona sana," alisema. "Kila mwaka vijana wananipasulia vitu. Lakini huu ukuta uliopona hapa mwishoni, huu nimeuhisi hadi tumboni. Nani kauponya?"

Jibu lilikuwa neno moja, na ni neno ambalo nililijua kabla ya maneno mengine yote.

"Ni mimi," nilisema.

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Umejifunza wapi kupiga hivi?"

Nikamwambia nimejaribu mwenyewe, kwa muda mrefu. Nikaendelea, na hapa ndipo ninapojichukia, nikamwambia kwamba kuziba ni namna ya kusamehe, kwamba nilitaka anayetazama ajiulize nani huziba nyufa zetu tukiwa hatupo. Maneno yalinijia yenyewe, matamu, yakipangana. Yule mama alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali, na mkuu wa idara alikuwa anaandika. Baba angejua jina la nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa najaza saruji nene juu ya matofali yaliyopinda.

Naye akaingia wakati huo huo, ndoo mkononi, mikono ya shati imelowa hadi kwenye viwiko. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Yule mama alimwamkia kwa heshima, akanigeukia.

"Na mzee huyu?"

"Ni fundi," nilisema. "Alikuja kunifungia mbao."

Baba alinitazama mara moja. Haikuwa hasira. Ningefurahi ingekuwa hasira. Kisha akamgeukia mgeni, akainamisha kichwa kidogo.

"Ndiyo, mama," alisema. "Mimi nimekaza skrubu tu. Kazi yote ni ya mwalimu."

Mwalimu. Mimi sikuwa mwalimu bado. Yeye ndiye wa kwanza kuniita hivyo. Akawaaga wote, mimi akiwa ameniunganisha humo humo na wengine, akatoka na ndoo yake.

Nafasi niliipata. Jioni nilifika nyumbani nikijua nakwenda kusomewa mashtaka. Baba alikuwa mezani anakula. Mama akanikumbatia mlangoni, machozi yanamlengalenga.

"Baba yako ameshatuambia, wamekupenda!" alisema. "Nikamuuliza, na wewe je, hao wakubwa walikusalimia? Anasema walimsalimia vizuri sana."

"Vizuri sana," baba alisema, akaendelea kula.

Jumatatu yake, bila kuahidi na bila kutangaza, alianza kupiga lipu sebule yetu. Aliikwangua ile nusu yote yenye ufa, akavisha kuta zote nne, siku tatu mfululizo, huku mteja mmoja akimpigia simu bila kujibiwa. Mama alifurahi hadi akaenda kuwaita majirani waje kuona maajabu. Mimi nilijua anamjibu nani. Walipotoka nilisogeza kochi, nikainama. Alama ilikuwepo.

Chuo kiliziweka mbao mbili za kwanza stoo, na ile ya tatu wakaitundika kwenye korido kuu, na kadi yenye jina langu kwa herufi nzito. Miaka kumi na moja nimepita mbele yake kwenda darasani. Wageni hupigwa nayo picha. Baba aliacha kazi miaka mitatu iliyopita, mikono ilipoanza kumtetemeka. Karai akampa fundi mwingine, mwiko akabaki nao. Mara moja moja, tukiwa tumekaa tu, huniuliza, "Ule ukuta bado upo?" Namwambia upo. "Haujapasuka?" Namwambia haujapasuka. "Haya." Hajawahi kusema twende nikauone, na mimi sikuwahi kumkaribisha. Kwanza nilikuwa na mitihani, halafu korido ilikuwa inapakwa rangi, halafu magoti yake na ngazi. Kwa visingizio sikuwahi kuishiwa.

Siku ile msichana wa seremala aliponijibu, nilikwenda moja kwa moja kwa wazazi wangu. Sikukaa hata chini.

"Baba, kesho twende chuoni."

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Nataka aone ukuta."

Baba aliyapapasa magoti yake. "Sawa," alisema. "Nitavaa shati la kutokea."

Tulifika saa nne, wanafunzi wakiwa madarasani. Alitembea taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta wa korido, na njiani alinionyesha mahali paliporukwa na fundi mvivu. Tulipofika kwenye ubao wake hakusimama mbele yake kama watu wanavyosimama. Kadi hakuitazama kabisa. Alishika ukingo, akaanza kushuka, goti moja, halafu la pili, mimi nimemshika kiwiko. Akapeleka kidole gumba kwenye kona ya chini kushoto. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Hakipo," alisema.

"Nini, baba?"

"Kipimo changu."

Akainua uso. Nikaona unafunguka polepole, na halafu akaanza kucheka pale pale chini, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia.

"Kumbe siyo ule! Kumbe uliubomoa ukaupiga mwenyewe! Na mimi miaka yote hii silali vizuri. Nasema mwanangu kapewa kazi kwa mkono wangu, siku wakijua watamwondoa, na kosa ni langu niliyetia mwiko bila kuitwa. Hebu uone ulivyonyooka! Kiwiko umekilegeza." Akanipiga kofi dogo mguuni. "Umenipita, mwanangu. Haki ya nani, umenipita."

Ningeweza kumwachia ile furaha. Nililifikiria, na si kwa muda mfupi. Ilikuwa rahisi kuliko yote: kusema asante, kumwinua, kumpeleka nyumbani akamsimulie mama. Ningejiambia kwamba nimemhurumia, na ningezeeka nikijiambia hivyo.

"Baba, ni ule ule," nilisema. "Ni wako. Alama niliifuta mimi, siku ile, kabla hawajaingia."

Kicheko kilikwisha. Alibaki amepiga magoti, kidole bado kipo pale kwenye kona. Darasa la jirani lilikuwa linasomeshwa kitu kwa sauti na nilisikia kila neno. Nilingoja anitukane. Nilimwomba moyoni anitukane.

"Uliifuta na nini?" aliuliza.

"Na kitambaa. Cha maji."

Akasogeza shavu karibu na ile kona, akaiangalia kwa upande jinsi mwanga wa korido ulivyoipiga, kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema. "Kimeacha michirizi." Akapitisha kidole juu yake, kinatetemeka. "Kitambaa hakifai kwa chokaa mbichi. Ungeniita tu, mama. Nilikuwa hapo bombani. Ningekufutia mwenyewe, isionekane."

Kisha akaninyooshea mkono, nimsaidie kusimama.